Kraków: migahawa ya wenyeji yenye uhai wake, nianzie wapi?

Mwana_wa_Chumbageni:

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa kumi naenda Kraków, Poland, kusoma, na kaka yangu atanisindikiza wiki ya kwanza. Tunapenda kula, na tunapenda kukaa na watu wa mahali wenyewe, siyo kwenye mikahawa ya watalii iliyobandika picha za vyakula mlangoni. Nataka jengo la zamani, meza za mbao, wazee wanapiga soga. Hata nje ya mji ni sawa kama usafiri wa umma unafika. Bajeti ni ya mwanafunzi, na nguruwe hatuli. Msaada tafadhali.

Mama_wa_Huta:

Karibu sana mdogo wangu. Nimeolewa huku, naishi Nowa Huta, upande wa mashariki wa Kraków, kwa hiyo nakuambia ninapokula mimi na ninapowapeleka wageni wangu.

Anza na bar mleczny. Ni mgahawa wa chakula cha nyumbani, wala pombe haiuzwi. Wa kwanza ulifunguliwa Warszawa mwaka 1896, kisha enzi za ukomunisti ikaenea nchi nzima kulisha wafanyakazi. Mpaka leo serikali inaweka ruzuku kwenye vyakula visivyo na nyama, ndiyo maana supu na pierogi za viazi (vifuko vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa) zinauzwa bei ya chini hivyo. Mjini kati ipo Pod Temidą, mtaa wa Grodzka. Lakini mimi ningekuleta huku kwetu, Bar Centralny, pale Plac Centralny ambapo tramu inakushusha. Nowa Huta ilianza kujengwa mwaka 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, na wazee wengi unaowakuta mezani maisha yao yote yamepita hapa.

Utaratibu ni huu: unasoma ubao ukutani, unalipa kwa mama wa kaunta, unapewa risiti, unaipeleka dirishani, unasubiri. Ukimaliza, vyombo unarudisha mwenyewe. Nenda saa saba au saa nane mchana, maana mlo mkubwa wa Wapolandi ni wa mchana na jioni nyingi zimeshafungwa. Saa hizo utakuta mafundi wenye ovaroli za vumbi, wanafunzi, na mabibi waliovaa kofia za sufu, kila mmoja na bakuli lake, hana haraka. Vioo vyote vimeshika mvuke. Mama wa jikoni anatoa kichwa dirishani, anaita "ruskie!", aina ya pierogi, kama kondakta wa daladala, na mtu anainuka na trei yake. Muziki hakuna, unasikia vijiko tu. Kwangu mimi hakuna mgahawa wa mjini kati wenye vinyago na mishumaa unaofikia hapo.

Sasa suala la kitimoto, hapa sikiliza vizuri. Żurek, supu yao ya unga wa rai uliochachushwa, inakuja na soseji nyeupe ya nguruwe. Bigos, kabichi chachu iliyopikwa kwa muda mrefu, ina nyama, mara nyingi ya nguruwe. Ile bakuli ndogo nyeupe inayoletwa na mkate kabla hujaagiza kitu ni smalec, mafuta ya nguruwe, usipake. Pierogi ruskie ndani yake ni viazi na jibini tu, lakini juu wanamwagia vipande vya mafuta vilivyokaangwa, kwa hiyo sema "bez skwarków". Hata hivyo uliza vitunguu vimekaangwa na nini. Pasipo wasiwasi: naleśniki, yaani chapati za maji zilizojazwa jibini tamu, na pierogi za matunda. Halafu kompot, matunda yaliyochemshwa yakanywewa pamoja na maji yake. Ijumaa ni siku nzuri kwenu, maana Wakatoliki wengi hawali nyama siku hiyo na samaki wanapikwa kila mahali.

Jioni nendeni Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi. Pale Plac Nowy kuna jengo la mviringo la soko, la mwaka 1900, lina madirisha kuzunguka pande zote yanayouza zapiekanka: nusu ya mkate mrefu, uyoga, jibini, unakula umesimama. Pembeni tu ipo Singer. Meza zake ni mashine za cherehani za kukanyaga, zile zile tulizokua nazo kwenye baraza za mafundi kwetu. Utaweka kikombe cha chai juu ya mashine na mguu utaenda wenyewe kwenye pedali. Ni baa, ila chai na kahawa zipo.

Wierzynek pale uwanja mkuu watakuelekeza wengi, jina lake ni la mfanyabiashara anayesemekana kuandaa karamu ya wafalme mwaka 1364. Bei yake siyo ya mwanafunzi.

Nje ya mji, Ojców. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa Poland, kama kilomita 25 kutoka Kraków, bonde jembamba lenye miamba ya chokaa. Wanafuga samaki wa maji baridi, pstrąg, kwenye mabwawa ya bondeni na wanakuchomea hapo hapo, unakula nje kwenye benchi la mbao. Oktoba majani yote ni ya dhahabu. Chagueni siku isiyo na mvua.

Wambui_KRK:

Mama Huta amemaliza, naongeza tu Zakopane. Ni kama kilomita 100 kusini, basi ni nyingi. Huko ingieni karczma, nyumba ya magogo yenye moto katikati na vijana wa milimani wanapiga fidla. Kwaśnica iacheni, hiyo supu ya kabichi hupikwa na mbavu za nguruwe. Ombeni oscypek ya kuchoma. Ni jibini la maziwa ya kondoo lililokaushwa kwa moshi, na hutengenezwa kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo mkifika Oktoba mwanzoni mtawahi. Zinazouzwa katikati ya baridi mara nyingi ni za maziwa ya ng'ombe.

Mwana_wa_Chumbageni:

Dada zangu, asanteni mno, Mungu awabariki. Kaka yangu kaganda kwenye hiyo Singer, marehemu baba yetu alikuwa fundi cherehani. Swali la mwisho: kadi inatosha au nibebe taslimu? Na mchuzi wa nyama ya ng'ombe nitapata wapi?

Mama_wa_Huta:

Kadi inapita karibu kila mahali, lakini weka złoty kidogo mfukoni kwa ajili ya bar mleczny na vibanda vya mabondeni. Ya ng'ombe tafuta flaki, ni supu ya utumbo, wanatia marjoram na pilipili manga. Ila uliza kwanza "czy jest wieprzowina?", yaani kuna nguruwe?, maana kuna wanaochanganya. Wakisema haipo, agizeni na mkate.