Mjadala: dola milioni 2 kwa mechi nne za tenisi, hii ilikuwa haki kweli?

Wadau tulijadili hili. Tangu mcheza tenisi Sinner amfunge mwenzake Alcaraz pale Riyadh, Saudi Arabia, Oktoba 2024 akaondoka na dola milioni 6, nasikia watu wanalalamika eti pesa za namna hii ni mambo mapya, yameletwa na Waarabu. Si mapya jamani. Mwaka 1990 huko Munich, Ujerumani, ITF (shirikisho la tenisi la dunia) walianzisha mashindano ya Grand Slam Cup, inachezwa ndani kwenye ukumbi wa Olympiahalle, juu ya zulia, wanaume 16 waliofanya vizuri kwenye Slam nne za mwaka huo (yale mashindano manne makubwa kabisa: Australia, Ufaransa, Wimbledon na US Open), bingwa anachukua dola milioni 2. Mmarekani Pete Sampras alikuwa na miaka 19, Septemba amebeba US Open kapewa dola 350,000, Desemba kaja Munich kacheza mechi nne tu kapata karibu mara sita ya hiyo! Brad Gilbert kafungwa fainali seti tatu bila na bado kaondoka na milioni moja.

Mimi sipingi bingwa kulipwa, hata kidogo. Kinachoniuma ni mkwanja kumwagwa kwa walioshiba tayari, tena chanzo chenyewe ugomvi, maana ATP (chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume) ndo kwanza wameshika mashindano ya wanaume mwaka huohuo na fainali zao za kufunga msimu ziko Frankfurt, ITF wakaamua kuwajibu kwa hela. Niliwahi kuokota mipira kwenye mashindano madogo ya kulipwa Nairobi, nikamuona jamaa katolewa raundi ya kwanza, kakaa chini anabandua gripu (ule utepe wa mpini) ya raketi polepole isichanike, akaigeuza upande wa ndani akaifunga tena. Huyo ni profeshno kabisa, ana ranki.

Najua mtaniambia David Wheaton, hajawahi kufika fainali ya Slam lakini 1991 alimfunga Chang kwenye fainali ya Munich na maisha yakabadilika. Sawa, mmoja huyo. Hoja yenye uzito kwangu ni kwamba sehemu ya pesa ilienda kwenye mfuko wa Grand Slam wa kukuza tenisi nchi zisizo na uwezo, hapo nawavulia kofia. Basi si wangempa bingwa laki tano, inayobaki yote iende huko?

Baada ya 1999 ikafutwa, ATP na ITF wakapatana, 2000 ikaja Tennis Masters Cup, mashindano yao ya pamoja ya kufunga msimu. Nyie mngeigawaje ile milioni 2?