Tupeane uzoefu: Uswahilini, Eastlands (mashariki ya Nairobi) na kwingineko tulikowekwa, mvua na baridi mnavikabili vipi?

Mwenyeji wa Suna (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sebuleni kwangu, Magomeni Suna, kuna mstari wa kahawia ukutani unaonifika usawa wa kifua. Ni alama ya maji ya Desemba 2011. Nimeupaka rangi mara tatu na kila masika unachomoza tena, kwa hiyo nimeuacha, na watoto wanautumia kupimia urefu wao. Mafuriko yale yaliua zaidi ya watu 40 hapa Dar es Salaam, na majirani zangu kadhaa walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wengine walirudi bondeni baada ya muda, kwa sababu kibarua kilikuwa mjini na nauli ya kutoka Mabwepande ilikuwa inakula nusu ya kipato cha siku.

Nimeianzisha mada hii kutokana na swali la mwanangu aliyeko sekondari. Aliniuliza kwa nini babu yake alijenga bondeni wakati Oysterbay kuna mwinuko na upepo wa bahari. Nilianza kumjibu kwamba tulikuwa maskini, kisha nikaona jibu hilo halijakamilika. Mji huu uligawanywa. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi mwaka 1891, Waingereza nao wakaja na kanda zao tatu, na ujanja ulikuwa kwamba karatasi haikutaja rangi ya mtu bali aina ya jengo: kanda ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili nyumba za makazi na biashara, ya tatu vibanda. Wananchi walielewa vizuri kilichokusudiwa, wakazipa kanda hizo majina yake ya kweli, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hata uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunaujua kwa mikutano na sherehe, uliachwa wazi ili kuwatenga watu wa Kariakoo na wenzao wa upande wa pili, kwa hoja ya kukinga maradhi. Upande huo wa pili ndiko mitaro na lami vilikotangulia kufika.

Uhuru uliifuta kanuni, lakini mwinuko haukuhama, wala mitaro haikuhama. Mwenye fedha, awe wa rangi yoyote, alipanda kwenda Oysterbay, na asiye nazo alishuka Jangwani, Suna na Mkwajuni. Siku hizi tunasema shida ni umaskini, na ni kweli, ila umaskini huo uliandikiwa anwani kabla sisi hatujazaliwa.

Kwa upande wetu, kinga ya kwanza ni simu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na shemeji yangu anaishi huko. Mvua ikipiga kwao usiku hunipigia bila kujali saa, nami huwagongea majirani. Mara nyingi kwetu mbingu huwa nyeupe kabisa na wageni hutucheka tunapobeba magodoro kupandisha darini. Kinga ya pili ni kizingiti cha tofali tatu mlangoni, ambacho kimemwangusha kila mgeni aliyewahi kunitembelea.

Naomba kila mmoja aeleze anaishi wapi, nani aliwaweka hapo, na nini kimewasaidia kweli. Tusitaje majina ya watu wala ya ofisi tunazozilalamikia, ili mada isije ikafungwa.

Mama wa Bondeni, Mathare

Asante kwa mada, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Mathare, Nairobi, na nimelea watoto wanne hapa.

Watu wengi hawajui kwamba sehemu ya bonde letu ilikuwa machimbo ya mawe. Mawe yaliyojenga majumba ya mjini yalitoka huku, na shimo likabaki kuwa makao ya waliokuwa wakiyachonga. Wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau, mwaka 1954, serikali ya mkoloni ilivibomoa vijiji vya Mathare katika ile operesheni ya Anvil, msako wa kuwakamata washukiwa wa Mau Mau jijini, na mamangu alikuwa akisimulia jinsi watu walivyorudi kidogo kidogo, wakajenga upya juu ya majivu. Nairobi nzima ilipangwa hivyo: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, kwenye udongo mwekundu unaonyonya maji, Wahindi Parklands na Ngara, na Mwafrika upande wa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unageuka uji. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya aliyeitwa Simpson alipendekeza mataifa yatenganishwe, na mpango wa mji wa 1948 ulikuja juu ya ramani iliyokwisha kukatwa. Ukipanda juu ya kilima chochote cha magharibi leo, utaona bado miti imeishia wapi na mabati yameanzia wapi.

Usiku wa mafuriko, mwishoni mwa Aprili 2024, hatukusikia onyo lolote kutoka kokote. Tulichosikia ni sufuria. Tuna kikundi cha akina mama wanaopika chapati kabla ya alfajiri, na mmoja wao alipoona maji yamepita jiwe fulani tunalolijua sote, alianza kugonga sufuria kwa mwiko. Aliyefuata akagonga mabati, na mlio ukapanda bonde zima. Nilitoka na mjukuu mgongoni na kitambulisho mdomoni, kwa kuwa mikono yote ilikuwa imejaa. Nyumba yetu ilikwenda na kila kitu. Jirani yangu wa mlango wa tatu hakutoka.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonichosha zaidi. Serikali iliagiza kila kilichojengwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni kibomolewe, na ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia ya kuhama. Mimi nilipata, dadangu hakupata, na hadi leo hakuna aliyemweleza kwa nini jina lake lilikosekana kwenye orodha ilhali milango yetu ilikuwa inatazamana. Sikatai kwamba mto unahitaji nafasi yake. Swali langu ni kwa nini nafasi hiyo hupimwa kwa utepe huku chini tu, wakati huko juu kuna kuta zilizojengwa hadi ukingoni mwa mto uo huo, na maji yakikosa pa kupita kule hutujia sisi kwa kasi.

Baada ya hapo tumenunua filimbi 20. Kila safu ya nyumba ina mtu mmoja mwenye filimbi, na tumekubaliana kwamba mtoto atakayeipiga kwa mchezo, mzazi wake atalipa faini ya sukari kilo moja. Tumekwisha kula sukari ya watu watatu.

Fundi wa Viwandani

Mimi niko Mukuru, hapa Nairobi, upande wa Viwandani, nafanya kazi ya kuchomelea. Nitakuwa mfupi.

Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya wakazi kujihesabu wenyewe pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wataalamu waliokubali kukaa nasi kwenye mabenchi. Tulikutana kwa nyumba kumi kumi, tukachagua wasemaji, tukachora barabara zipite wapi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobisha kwamba tunapotezewa muda, na nilikosea, kwani barabara zilikuja na mitaro ikaja.

Ila mitaro ya hapa kwetu ilikuja baada ya barabara kuinuliwa juu ya vizingiti vyetu. Masika mawili maji ya barabarani yalikuwa yanaingia ndani kama wageni wa harusi. Tulisema mapema, msimamizi wa kazi akajibu kwamba mchoro ni mchoro. Nimejifunza kwamba kushirikishwa kwenye kuchora hakutoshi. Mtu wa mtaani anatakiwa awepo pia siku ya kumwaga kifusi, akiwa na ndoo ya maji ya kumwonyesha mhandisi yanakoelekea.

Mjukuu wa Kisutu

Nimesita kuandika, kwa kuwa mimi natoka upande wa Uhindini, na mada hii ingeweza kunigeuka. Babu yangu alikuwa na duka Kisutu na familia iliishi ghorofani juu ya duka. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, nyumba yetu nayo ilichukuliwa, kwa hiyo tulibaki wapangaji katika chumba tulichozaliwa. Pamoja na hayo, sijawahi hata siku moja kubeba godoro kwa sababu ya mvua. Mafuriko ya 2011 niliyaona kwenye televisheni, kilomita chache tu kutoka Jangwani, na nilichokihisi mimi ni usumbufu wa Barabara ya Morogoro kufungwa. Nimeusoma mstari wa ukutani kwa Mwenyeji wa Suna nikaona haya kidogo. Ni hilo tu.

Baba Furaha, Buffalo

Ndugu zangu, mimi ni Mkongo wa Kivu. Niliishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani, jimbo la New York, katika jiji la Buffalo. Tulipangiwa nyumba ya mbao upande wa mashariki wa jiji, na majirani karibu wote walikuwa Wamarekani Weusi. Nilidhani ni bahati tu, mpaka mzee wa nyumba ya jirani aliponieleza historia ya mtaa.

Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji mingi ya Marekani na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyoonekana ya hatari kwa mikopo. Kuwepo kwa Weusi kulitosha kuuponza mtaa. Benki hazikukopesha huko, nyumba hazikukarabatiwa, na sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilipofika mwaka 1968, nyumba zilikwisha kuzeeka. Hapa kwetu kulikuwa pia na barabara pana yenye safu za miti katikati, Humboldt Parkway, iliyobuniwa na Olmsted, yule aliyebuni bustani kubwa ya New York. Miti hiyo ilikatwa ili ipitishwe barabara kuu ya magari ya watu wanaoishi nje ya jiji. Mzee alikuwa kijana wakati huo, na alinionyesha kwa kidole mahali ambapo mama yake alikuwa akitandika blanketi siku za joto. Sasa ni shimo lenye malori.

Desemba 23, 2022, ikaja dhoruba ya theluji. Sina neno la Kiswahili la kuieleza. Unafungua mlango na hakuna nje. Amri ya kuzuia magari ilitolewa asubuhi ileile, wakati watu wa zamu walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Umeme ulikatika kwetu saa nane mchana. Nyumba yetu ina madirisha ya zamani, na upepo ulikuwa unapeperusha pazia huku dirisha limefungwa. Tulijaza vitenge vya mke wangu kwenye nyufa, tukakaa watu 6 jikoni, tukawasha jiko la gesi na kuacha mlango wa oveni wazi, jambo ambalo baadaye niliambiwa lingeweza kutuua kwa hewa yenye sumu. Nilipiga namba ya dharura na kuambiwa magari ya uokoaji hayawezi kufika. Jioni nilifunga kamba ya kuanikia nguo kiunoni, mke wangu akashika ncha ya pili, nikaenda hatua 20 kumchukua yule mzee. Hatua 20 zilinichukua kama robo saa.

Katika kaunti ya Erie walikufa watu 47. Ndani ya jiji la Buffalo zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa Weusi, ilhali wao ni kama theluthi moja ya wakazi. Theluji ilianguka kwa wote. Nyumba za kuizuia ndizo hazikugawiwa wote. Na chakula je? Mtaa wetu ulitegemea duka kubwa moja, lile la Jefferson Avenue ambako Mei ya mwaka uleule mbaguzi mmoja aliwaua Weusi 10 kwa risasi.

Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliagiza kwamba asilimia 40 ya manufaa ya matumizi fulani ya tabianchi na nishati safi ifikie jamii zilizosahauliwa. Tulianza kusikia habari za kuzibiwa nyumba na kubadilishiwa madirisha. Januari 20, 2025, agizo lilifutwa. Sisi tulikuwa bado kwenye foleni. Nimenunua kifaa cha kunusa hewa yenye sumu na madirisha mawili ya mitumba, na kanisani tumegawana orodha ya wazee wanaoishi peke yao, kila familia wawili.

Mzee wa Ilala

Nimewasoma wote na nawapa pole. Hata hivyo, tusimtwishe mkoloni kila mtaro. Tumejitawala zaidi ya miaka 60. Mkoloni hakuja kutupa taka za plastiki Msimbazi, wala hakuuza viwanja bondeni mwaka juzi. Waliouza ni wenzetu, weusi kama sisi.

Mwenyeji wa Suna (mwanzisha mada)

Shikamoo, mzee wangu. Nakubali, na hata kiwanja jirani na changu kimeuzwa mara mbili baada ya 2011, tena mjumbe akiwa shahidi. Ninachosema ni kwamba yule muuzaji alikuta bei imekwisha kupangwa: bondeni rahisi, mlimani ghali. Sasa upo mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022, na fidia imewahamisha wengi wetu. Ningependa waliohama watueleze wamenunua wapi. Wawili ninaowajua wamenunua bonde jingine, kwa sababu ndiko fidia ilikotosha.

Mama wa Bondeni, filimbi tunaziiga. Tena, kuhusu vyeti na karatasi, ambalo hukuuliza lakini kitambulisho chako cha mdomoni kimenikumbusha: sisi tunaviweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, iliyofungwa kamba kwenye kenchi. Mwaka 2011 ya jirani ilielea siku mbili na cheti cha ndoa kikatoka kikavu, ingawa mkewe alikwisha kusema heri kingelowa.

Shemeji amepiga simu sasa hivi. Pugu imeanza kunyesha. Endeleeni kuandika, nitarudi nikishapandisha magodoro.