Bolti nilizopaka zinki zimeshika kutu ndani ya wiki tatu, mteja ananiganda. Msaada wakuu

Mgosi_Karakana:
Wakuu habari za mchana. Nina karakana ndogo hapa Tanga, mwaka wa pili sasa napaka zinki kwa umeme: bawaba, komeo, bolti. Mwezi uliopita nilipata kazi ya bolti za M12 za mtu mwenye boti. Zilitoka zinang'aa kama vijiko vya harusi. Wiki tatu hazijaisha zimeota unga mweupe, na kwenye meno kuna kutu nyekundu kabisa. Mteja anataka hela yake au nirudie bure. Nasikia kuna vanishi ya kupulizia juu inazuia kutu. Nani ameitumia? Natanguliza shukrani.

Kigoda_cha_Mbele:
Nimekaa. Leteni kahawa.

Bi_Chumbageni:
Mwanangu, mrudishie mwenzio hela yake. Fedha ya mtu inaunguza. Vanishi utatafuta baadaye.

Dereva_Mstaafu:
Kutu ya pwani usiichezee. Niliwahi kununua pikapu Mombasa, bodi safi, rangi mpya, mke wangu akaipiga picha. Kufika Korogwe nikakanyaga breki, sakafu ikabaki barabarani na mguu wangu juu yake. Aliyeniuzia nilimsalimia msikitini miaka mingi baadaye, akajifanya hanijui.

Ampea_Moja:
Tumwache mzee na pikapu yake. Mgosi, unga mweupe ni zinki yenyewe inaliwa. Ndiyo kazi yake, inaliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Ukiona nyekundu, jua zinki imeisha pale. Kwa hiyo sema: unazamisha dakika ngapi, ampea ngapi, bolti ngapi kwa mkupuo, na unasuuza kwa maji gani?

Mgosi_Karakana:
Mchanganyiko wangu ni wa kloridi na asidi boriki, uko sawa. Muda unatosha. Mimi nauliza vanishi.

Ampea_Moja:
Unatosha ni dakika ngapi?

Mgosi_Karakana:
Sita. Ampea 10, bolti 30. Mkuu, LUKU unaijua lakini? Na zinang'aa, mteja mwenyewe alizisifia.

Ampea_Moja:
Kung'aa kunaletwa na dawa ya kung'arisha, unene ni habari nyingine. Bolti 30 za saizi hiyo zina uso wa kama desimita mraba 10. Ampea 10 kwa dakika 6 ni sawa na ampea 1 kwa saa zima, inakupa zinki gramu 1.2 hivi. Itandaze yote uone: haifiki hata mikroni 2! Za ndani ya nyumba watu wanaanzia 5, za nje 8 hadi 12, na za baharini hata hiyo haitoshi. Wanaochovya kwenye zinki iliyoyeyushwa wanafika 45 na kupanda. Halafu umeme unapenda ncha, kwenye mabonde ya meno unafika kidogo sana, ndiyo maana kutu imeanzia huko. Na maji?

Mgosi_Karakana:
Ya kisima. Yana chumvi kidogo tu, hata chai tunapikia.

Kigoda_cha_Mbele:
Chai yenye chumvi 😂😂

Ampea_Moja:
Unaosha kloridi kwa kloridi. Kinga maji ya mvua, suuza mara mbili kila hatua, kisha chovya kwenye kromati ya kromu tatu, dawa ya kuikinga zinki. Ile ya zamani ya njano, ya kromu sita, achana nayo, inaleta saratani. Vanishi inakuja mwisho kabisa, juu ya kazi iliyokamilika.

Sijui_Mimi:
Wakuu mnahangaika na chai. Huyu juzi alikuwa na uzi wa kuku 500 wa mayai Morogoro, kuku wanadonoana. Leo ana karakana Tanga. Kesho atakuwa rubani. Mod unga huu uzi na ule wa kuku.

Bi_Chumbageni:
Kumbe! Na mimi nimeshamwombea dua.

Mgosi_Karakana:
Kuku ni wa shemeji, hana simu ya maana. Njoo Tanga uone: ndoo ya rangi ya lita 20, chaja ya betri, vidole vyangu vimebabuka kwa tindikali. Kila bolti ninayotoa imeandikwa 12.9 kichwani, nimezishika moja moja mpaka naziota. Mtu atatunga hilo?

Ampea_Moja:
Subiri. 12.9?

Mgosi_Karakana:
Ndiyo, zile nyeusi za alenki. Nilizitia tindikali nusu saa weusi utoke.

Ampea_Moja:
Hukusema hilo tangu mwanzo. Zinashika nini?

Mgosi_Karakana:
Injini ya boti. Ila mkuu, advansi ya awamu ya pili nimeshachukua na vanishi nimeshaagiza, kwa hiyo tuongelee kutu.

Ampea_Moja:
Kutu weka pembeni. Hiyo 12.9 ni alama ya bolti za chuma kigumu sana. Chuma kigumu namna hiyo ukikitia tindikali, na tena ukikipitisha kwenye umeme, kinanyonya hidrojeni. Ukikaza leo kinakaa vizuri, kesho au keshokutwa kinakatika paa, kama biskuti, bila hata kupinda. Ndiyo maana 12.9 wengi hawazipaki zinki kwa umeme kabisa, wanatumia mipako ya vipande vya zinki isiyopitia tindikali wala umeme. Anayezipaka hivyo anazioka nyuzi 190 hadi 220, masaa mengi.

Mgosi_Karakana:
Hapo sawa. Jirani ana oveni ya boflo, nitampa chochote.

Ampea_Moja:
Zinaingia ovenini ndani ya masaa 4 tangu kupakwa. Hizo zina mwezi.

Dereva_Mstaafu:
Boti inabeba watu?

Sijui_Mimi:
Mgosi jibu.

Mgosi_Karakana:
Inavusha watu, ndiyo. Nampigia mteja tangu saa ile, simu inaita tu. Nimechukua bodaboda, naelekea forodhani.