Sentineli (mlinzi) amekaa lupango (kiwanja) miaka 13, anasema ni yake. Sheria inasema nini?

Mdogo wa Ruashi
Yambo ba yaya. Mkubwa wangu ana lupango Komini Annexe, hapa Lubumbashi, metre 20 kwa 30. Sertifika, yaani hati ya kiwanja, iko kwa jina lake, ila yeye anakaa Kolwezi. Mwaka 2012 aliweka sentineli, bila karatasi yoyote. Sasa sentineli amejenga chumba cha pili cha tofali na anaambia majirani kwamba ukikaa miaka 12 bila kufukuzwa, udongo unakuwa wako. Ni kweli? Tuanzie wapi?

Kadastra
Si kweli. Hiyo miaka 12 ni ya sheria ya Kenya, haivuki mpaka. Kwetu Kongo ni sheria 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980. Artikle 53: udongo ni wa Serikali peke yake, hauuzwi, na muda haumpi mtu yeyote. Mkubwa wako ana konsesio, yaani haki ya kuutumia, na artikle 219 inasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika tu. Akae 13, akae 40, kukaa hakuzai sertifika.

Hatari iko kwenye karatasi ya pili. Sentineli anamwendea shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), anaandikiwa fishi ya parseli (karatasi ya mtaa ya kiwanja) kwa jina lake, anamuuzia mtu, na huyo mnunuzi anapanda mpaka kwa konserva, ofisa anayetunza rejista ya hati. Sertifika mpya ikishatoka, artikle 227 inakupa miaka 2 tu ya kuishambulia. Ikipita, unabaki kudai fidia. Ndiyo sababu mwenye lupango aliye mbali lazima apite kwa konserva kila mwaka na kuomba aone ukurasa wake kwenye rejista. Uliza kwanza lupango iko chini ya sirkonskripsio (eneo la ofisi ya ardhi) gani, maana Lubumbashi haina moja tu.

Mama Avoka
Mdogo, naomba sana: msibomoe hicho chumba wenyewe, wala msitume vijana au polisi wa kufahamiana naye. Mkifanya hivyo, yeye ndiye atakayekuwa mlalamikaji.

Mkubwa wako asaini prokirasio (barua ya uwakilishi), saini yake ithibitishwe kwa notere, ili wewe uweze kusema kwa niaba yake. Kisha uisye (ofisa wa mahakama) ampelekee sentineli barua ya kumtaka aondoke, yenye tarehe ya mwisho. Barua hiyo inafuta ile ruhusa ya mdomo ya 2012. Bila kuifuta atasema yuko pale kwa idhini, na kesi ya jinai italegea. Akikataa, mnapeleka malalamiko parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ya tribinali ya amani kwa artikle 207: kutumia udongo bila sheria wala kontra (mkataba), kifungo cha miezi 2 hadi 6, au faini, au vyote viwili. Akileta karatasi yake mwenyewe, ugomvi wa hati unakwenda tribinali kubwa. Kumtoa ni kwa hukumu, na uisye ndiye anayeitekeleza.

Na fanyeni haraka. Aliyejenga akiamini kwa haki kwamba pahali ni pake anaweza kudai alipwe alichojenga. Huyu wenu anajua ni mlinzi, kwa hiyo tafuteni ushahidi wa ulinzi wake: meseji, risiti za mshahara, jirani aliyekuwepo siku anawekwa.

Borne Nne
Nyongeza kwenye uwanja. Pelekeni jiometra (mpimaji) wa kadastra, ofisi ya upimaji, na prose-verbali ya zamani ya bornage (ripoti ya kuweka mipaka), majirani wa pande zote wakiwepo. Borne (nguzo ya mpaka) ya beton ikizikwa juu juu inahamishwa usiku mmoja, na metre 3 zinapotea bila mtu kugombana.

Sentineli mwingine mkimweka, mwandikieni kontra: anakaa kama mlinzi, haruhusiwi kujenga kitu cha kudumu wala kupangisha, mshahara kwa mwezi ni kiasi gani, ataondoka siku ngapi baada ya kuambiwa. Mlipeni kila mwezi kwa risiti. Usipomlipa, ndipo anaanza kupangisha vyumba ili ale. Fishi ya parseli iwe kwa jina la mkubwa, kodi ya ardhi pia, na risiti zisiachwe kwa sentineli.

Mdogo wa Ruashi
Asanteni sana. Jirani yetu yeye ana kontra ya lokasio (ya kukodi kiwanja kwa Serikali) tu, hana sertifika. Ni sawasawa?

Kadastra
Hapana, yeye yuko dhaifu zaidi. Kontra hiyo haizidi miaka 3. Ndani ya muda huo ajenge, aombe wakaguzi waje waandike kwamba ameendeleza kiwanja, halafu aombe konsesio na sertifika. Akiiacha iishe bila kuifanya upya, kiwanja kinaweza kupewa mtu mwingine.