Kodi ni tarehe 5: "msisumbuke" inafanywaje hasa?

MkaziWaMikindani:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mathayo 6:25-34 huhubiriwa kila mara, ila hubiri huishia "mwachie Mungu" pasi na kuonyesha vipi. Chukueni mtu wa kibarua bandarini: leo kapata zamu, kesho arudi mikono mitupu. Kodi tarehe 5, karo yangoja Januari. Saa nane za usiku yuko macho, hesabu ni ileile. Amwachie Mungu nini, kwa hatua zipi? Na akiweka pesa kwenye chama cha akiba, hajaanza kutegemea chama?

MwalimuWaJumapili:
Amina. Tuanze na neno lenyewe. Kiyunani cha Mathayo ni *merimnao*, na katika aya hizo kumi limetokea mara sita. Lakini Paulo analitumia hilohilo kumsifu Timotheo kwa kuwajali watu (Wafilipi 2:20). Basi kujali hakukukatazwa, wala kupanga. Kilichokatazwa ni kuibeba kesho leo, aya ya 34. Anayepiga hesabu ya kodi saa nne asubuhi, kalamu mkononi, anapanga. Anayeirudia saa nane za usiku, bila tarakimu mpya hata moja, anasumbuka.

Sasa hatua. 1 Petro 5:7 yasema "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Kutwika twakujua. Nenda Kongowea uangalie gunia la viazi likipandishwa mabegani mwa hamali: wawili wanainua, yeye anainama, gunia linakaa, wale wanaachia. Mmoja akiking'ang'ania kipembe, hamali anayumba. Wengi wetu hutwika vivyo hivyo, pembe bado mkononi.

Chukua daftari. Taja mzigo kwa jina na kiasi. Usiandike "shida za nyumba". Andika "kodi 6,500, tarehe 5, zipo 3,900". Kushoto weka yaliyo mikononi mwako leo: kuulizia zamu, kuzungumza na mwenye nyumba. Kulia yasiyo yako: meli kuja au kutokuja, moyo wa mwenye nyumba. Ya kulia yaombee moja moja, kisha achia. Ya kushoto yafanye. Nehemia 4:9 ina yote mawili, waliomba na wakaweka walinzi.

Usiku likirudi, usianze maombi upya ya dakika arobaini. Hayo huwa hesabu ileile, imewekewa "Ee Bwana" mbele. Sema tu "hili nilikutwika jioni". Likizuka jipya, liandike, funga daftari.

MamaLikoni:
Mwalimu umeruka shukrani. Wafilipi 4:6 yataka haja zipelekwe "pamoja na kushukuru", nasi huko hupita mbio. Andika tatu zenye tarehe: karo ya muhula uliopita ililipwa lini, kwa njia gani. "Asante kwa yote" haimtulizi mtu.

Na lile "itawahifadhi" la aya ya 7 ni neno la askari wa zamu. Ndilo lililotumika kwa liwali aliyeulinda mji wa Dameski (2 Wakorintho 11:32). Ngome ya Yesu, ile ya kale hapa Mombasa, haikuziondoa meli za maadui baharini, kazi yake ilikuwa kuwazuia mlangoni. Kodi itaendelea kudaiwa, mwanangu, ila isiingie chumba cha kulala.

KijanaWaChangamwe:
Kwa chama mimi nina neno. Mana, chakula walichopewa Waisraeli jangwani, ilipolazwa iliingia mabuu, ikanuka. Kutoka 16:20.

MwalimuWaJumapili:
Soma mbele kidogo, ndugu yangu. Aya ya 22, siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu badala ya moja, na aya ya 24 yasema ililala bila kunuka. (Pishi ni vibaba vinne kwa kipimo chetu cha pwani, basi si haba.) Iliyooza ni ile iliyowekwa kinyume cha agizo. Yusufu naye alishauri sehemu ya tano itengwe miaka 7, Mwanzo 41:34. Chama ni ghala tu. Kitakushika siku utakapomnyima mwenye njaa, au kudanganya, ili mchango wako usipungue.

MamaLikoni:
Tena, kukosa usingizi kukiendelea wiki kadhaa, moyo waenda mbio, chakula hakipiti, mtu aende kliniki. Msikimbilie kusema mapepo au imani haba. Eliya aliomba afe (1 Wafalme 19), na kabla ya kuulizwa lolote alipewa usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Mara mbili.

MkaziWaMikindani:
Shukrani. Na tarehe 5 ikifika, pesa haijatimia?

MwalimuWaJumapili:
Mwenye nyumba aambiwe tarehe 3, asingoje kubisha hodi tarehe 6. Apelekewe zile 3,900 mkononi, atajiwe siku ya salio inayowezekana kweli. Usiahidi kwa zamu ambayo hujapangiwa. Halafu kwenye daftari futa 6,500, andika 2,600.