Naomba ushauri: daftari za rasimu na kompyuta, huku Tukuyu kwenye mvua

Wakuu, shikamooni. Unyevu wa huku unavimbisha daftari. Karatasi nyepesi ya gramu 60 wino wa jeli unapenya upande wa pili. Bolpeni ina nafuu, wino wake ni wa mafuta, hausambai ukilowa. Kuandika kwa mkono siachi, kompyuta inashawishi mtu kufuta mapema mno.

Kinachonikwamisha ni kuhamisha rasimu kwenda kwenye kompyuta. Picha za simu (mwanga wa dirishani, bila flashi, PDF moja kwa kila daftari) hazitafutiki kwa neno, na programu za kusoma mwandiko zinavuruga Kiswahili changu. Je, nichape upya kila wiki, au nizipe kurasa namba na kuweka faharasa tu? Na daftari zilizojaa mnazihifadhije: ndoo yenye mfuniko na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu inatosha?