Kozi ya kuongoza wavuvi wa nzi bandia mtoni, aliyeipitia naomba anieleze

mtoni_asubuhi
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mi navua kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu) mwaka wa 6 sasa, kurusha mshipi najiweza, trauti napata, na watu wameanza kuniambia nifanye kazi ya kuongoza wavuvi kwa malipo. Nimeona kozi ya siku 7 ya waongozaji wa mtoni, ndani yake kuna kurusha, makasia, uokoaji, huduma ya kwanza, wadudu wa majini na kuhudumia wateja. Sasa nauliza, huko unapata nini ambacho mtu hakipati mwenyewe kwa kuvua tu? Boti ya makasia sijawahi kuipiga hata siku moja na hilo linanipa wasiwasi kweli. Au niachane na kozi nikamfuate mwongozaji mzoefu, nimbebee vyombo msimu mzima nijifunzie hapo hapo?

kasia_mbili
Mkuu mi niliipitia kozi kama hiyo mwaka jana. Kwanza toa wazo kwamba unaenda kuwa mvuvi mkali zaidi, siku zote zile fimbo ya kuvulia niliishika labda masaa matatu tu. Kazi yenyewe ni mtu mwingine apate samaki, na mara nyingi huyo mtu ndo kwanza anajifunza kurusha.

Makasia usiyaogope, nusu ya darasa letu walikuwa hawajawahi kuyashika. Ugumu wake ni kwamba unakaa umeangalia kule maji yanakokupeleka, ukiona jiwe au mti ulioanguka unaiweka boti mshazari, tezi, yaani nyuma ya boti, ielekee upande salama, afu unavuta kurudi nyuma. Boti inaenda polepole kuliko maji na inasogea pembeni yenyewe. Mi kila nikiogopa mikono ilikuwa inataka kusukuma, na ukisukuma ndo unazidi kukimbilia kile kitu unachokikwepa! Siku ya tatu mwili ukaelewa. Ukishaweza kuishikilia boti hivo unaweza pia kuifanya iende sawasawa na nzi wa mteja, nzi anaelea mbali bila kuburutwa na mshipi, na samaki wengi wanapatikana hapo.

Siku ya uokoaji tuliingizwa majini tumevaa majaketi ya kujiokoa. Unalala chali, miguu mbele na juu juu, husimami kwenye maji ya kasi hata kama ni ya mapajani, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakulaza kifudifudi na kutoka ni shida. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia tu miaka yote, nilipousikia ule mgandamizo wa maji mgongoni ndo nikajua sikuwa nalijua. Kamba ya kuokolea nayo, unamwita mtu kwanza akuone, afu unarusha. Nilimkosa mwenzangu mara nne mfululizo, na tangu hapo kila mwezi naenda kufanya mazoezi ya kamba peke yake.

Mama_Ndoana
Mimi naongoza wateja mwaka wa 11, nilianza kwa kubeba vyombo bila kozi yoyote. Niliyemfuata alikuwa anajua samaki walipo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, ila hakunifundisha hata mara moja ndoana ikimwingia mtu nifanye nini. Msimu wangu wa pili ikamwingia mteja nyuma ya sikio. Upepo ulikuwa unatokea upande wa mkono wake wa kurushia na mimi ndiye niliyemsimamisha pale, kwa hiyo lile kosa ni langu na mpaka leo linaniuma. Ningemgeuza arushie bega la pili, au arushe kwa kuviringisha mshipi juu ya maji bila kuupeleka nyuma, yasingetokea. Sasa hivi hakuna anayerusha kwangu bila miwani na kofia, na vile vimwiba vya kurudi nyuma kwenye ndoana navibana vyote kwa koleo kabla hatujaingia mtoni. Ndoana ikiwa karibu na jicho usiivute, mpeleke mtu kwa daktari nayo.

Kwa hiyo mwanangu nenda kozi, afu msimu unaofuata kabebe vyombo. Vyote viwili.

jiwe_la_mto
Naongezea kuhusu wadudu, watu wanapadharau hapo. Sio kukariri majina. Unageuza jiwe unaangalia wadogo walioshika chini ni wa rangi gani na ukubwa gani, afu unachagua nzi anayefanana nao. Mteja ukimwonyesha hilo jiwe anafurahi kuliko hata kupata samaki. Na nunua kipimajoto cha maji, trauti ni samaki wa maji baridi, yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi hewa inapungua majini, ukimpigisha samaki vita hapo anaweza kufa hata ukimwachia.

mtoni_asubuhi
Shikamoo mama, asante sana, asanteni wote. Hilo la joto limenigusa. Mteja kalipa siku nzima, kasafiri, saa sita mchana maji yamepanda, unamwambiaje kwamba tunaacha?

Mama_Ndoana
Marahaba. Unamwambia kabla ya siku yenyewe, usingoje saa sita. Wiki ya jua kali nampigia simu jioni, namwambia kesho tunaanza alfajiri na maji yakipanda tunatoka. Kipimajoto nampa akishike yeye, asome mwenyewe. Mara chache sana amebisha mtu. Muda unaobaki namfundisha kurusha kwenye majani, au tunakaa kivulini namfundisha mafundo, wengi hawajawahi kupata mtu wa kuwaelekeza kwa utulivu.

kasia_mbili
Na mafundo yenyewe mkuu anza leo, uyafunge mikono ikiwa imelowa na ya baridi, maana hivo ndo utakavyoyafunga kule. Lowesha uzi kwa mate kabla hujakaza, ukikaza mkavu unaungua na kukatika.

mtoni_asubuhi
Sawa mkuu. Fomu naijaza usiku huu.